Utepe Uliofika Barafuni

Mwaka mmoja, muhula wa pili, niliteguka goti tukifanya mazoezi ya isukuti. Daktari akanikataza kucheza ngoma hadi mwaka uishe. Nililia, sitaficha. Siku ya tatu mwalimu wetu wa muziki akaniita, akasema, "Kilichoumia ni goti, si kichwa. Nenda uwafundishe wa kidato cha kwanza." Nilidhani ananifariji tu, mpaka niliposoma habari za Tatiana Druchinina.

Mama huyu alikuwa mwanajimnastiki wa Muungano wa Kisovieti katika miaka ya 1980. Mchezo wake ni jimnastiki ya mahadhi, ule ambao msichana hucheza akifuata muziki huku ameshika kifaa: kamba, pete kubwa, mpira, virungu au utepe. Uwanja wake ni mita 13 kwa 13, na mchezaji mmoja hupewa takriban dakika moja na nusu. Utepe wenyewe una urefu wa mita 6. Ukijifunga fundo, alama zinakatwa. Na ushindani wa enzi hizo si mchezo! Katika mashindano ya dunia ya mwaka 1987 mjini Varna, Bianka Panova wa Bulgaria alizoa medali zote za dhahabu za mchezaji mmoja mmoja, akipata alama 10 kila alipoingia uwanjani.

Lakini mchezo huo huuchosha mwili mapema, na wengi huuacha wakiwa bado vijana. Druchinina alipostaafu hakukaa nyumbani kupanguza vumbi kwenye medali. Aligeuka mtungaji wa miondoko ya watu wanaocheza kwa kuteleza juu ya barafu.

Sisi huku barafu tunaijua ile ya kilele cha Mlima Kenya na ile ya friji, kwa hivyo acha nieleze. Wachezaji hao huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, nao huteleza katika uwanja wa mita 60 kwa 30. Mchezo wao mrefu huchukua kama dakika nne. Mkufunzi huwafundisha kuruka na kuzunguka hewani. Mtungaji wa miondoko naye huchagua muziki, huukata ukatoshea muda, kisha hupanga mchezaji apite wapi, aruke wapi, na mikono ifanye nini. Kupanga huko kuna hesabu yake. Tangu mwaka 2018, kanuni zilisema miruko mitatu ya mwisho ya mchezo mrefu, ikiangukia nusu ya pili, inaongezwa asilimia 10 ya thamani yake. Basi mtungaji hana budi kupima: je, miguu itakuwa na nguvu bado?

Sasa utauliza, mtu wa utepe anajua nini kuhusu barafu? Nilijiuliza vivyo hivyo. Jibu liko kwenye mikono. Anayeruka barafuni hubana mikono kifuani ili azunguke upesi, mara tatu kabla sekunde moja haijaisha. Akizoea kuwaza miruko tu, akitua mikono yake huwa kama kuni. Mtu wa utepe amefunzwa kinyume chake: mwendo unaanzia begani, unapita kiwiko na kiganja, haukomi hadi ncha ya ule utepe wa mita 6. Hata utepe ukiondolewa, mkono unakumbuka. Tena kusimama kwa mguu mmoja, mwingine umeinuliwa nyuma, kupo katika michezo yote miwili.

Hata hivyo, haitoshi kuhamisha tu. Sakafu hukushika, barafu haikushiki. Mwendo wa sakafuni ukiupeleka barafuni bila kuubadilisha, utamwangusha mtu. Ndiyo maana mtungaji lazima asikilizane na mkufunzi.

Wala Druchinina si wa pekee. Lyudmila Vlasova, aliyekuwa mchezaji ngoma wa ukumbi wa Bolshoi mjini Moscow, naye aliishia kuwatungia miondoko watu wa barafuni.

Basi nikaenda kwa wale wa kidato cha kwanza. Wiki ya kwanza niliwafokea, kwa kuwa nilitaka wacheze kama mimi. Kisha nikatambua kwamba kila mwili una sakafu yake. Msichana mmoja mabega yalikuwa yamekataa kabisa; nikamwambia asahau mabega, aifuate ngoma ndogo. Kumbe! Mabega yakaja yenyewe.

Siku ya mashindano nilikaa kwenye benchi, goti limefungwa bendeji. Walipofika pale nilipopapanga mimi, mabega yangu yakaanza kutikisika. Bado natamani kurudi uwanjani, na sijui kama goti litakubali. Lakini siku ile nilicheza, ndugu msomaji, ingawa sikuinuka.