Ndege ya Kwanza Hainunuliwi kwa Macho

Juma lililopita dada yangu alinijia hapa Njoro akiwa ameshika bahasha kuukuu ya khaki. Ndani yake mlikuwa na hati miliki ya shamba lake la Subukia, ekari tano alizoachiwa na marehemu mumewe. Hakutaka hata kuketi. "Mwalimu," akaniambia, kwani ndivyo aniitavyo tangu nilipoanza kazi ya chaki, "kijana anataka ndege. Nimekuja unishauri kama niuze ekari mbili au nisiuze."

Nikadhani nimesikia vibaya. Kumbe sivyo. Mpwa wangu anajifunza urubani katika uwanja wa Wilson, Nairobi, na hadi sasa ana saa 26 za kuruka. Ameona tangazo la ndege ndogo ya viti viwili, Cessna 150, inayouzwa Ulaya kwa bei isiyozidi thamani ya zile ekari mbili. Hoja yake si ya kitoto. Kanuni za kimataifa zinamdai mwanafunzi saa zisizopungua 40 ili apate leseni ya urubani wa kibinafsi. Leseni ya biashara inadai 200, au 150 kwa aliyefunzwa katika kozi iliyoidhinishwa. Kila saa hulipiwa. Kwa hivyo, asema kijana, heri kuwa na ndege yako mwenyewe kuliko kukodi ya watu hadi uzeeni.

Nilimwita. Akaja na picha: ndege nyeupe yenye mstari mwekundu ubavuni, rangi imemetameta kama sahani mpya. Naam, ilikuwa nzuri. Lakini mimi nimefundisha fizikia kwa miaka thelathini na moja, na jambo la kwanza nililomwuliza halikuhusu rangi. Nilimwuliza ndege hiyo itarukia wapi.

"Hapa nyumbani, Mjomba. Nakuru, Naivasha, na Wilson."

Hebu basi, walimu wenzangu na wanafunzi, tufanye hesabu tuliyoifanya mimi naye nyuma ya daftari la zamani. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya futi 6,000. Katika kimo hicho, vitabu vya urubani huchukulia kwamba joto la kawaida ni kama nyuzi 3 za Selsiasi. Nani kati yetu amewahi kuona nyuzi 3 mjini Nakuru saa nane mchana mwezi wa Februari? Huwa tunatoka jasho kwenye nyuzi 28. Hewa yenye joto hutanuka ikawa nyepesi, na kila nyuzi moja ya ziada huwa kana kwamba imeupandisha uwanja futi 120 hivi. Zidisha 25 kwa 120, upate 3,000. Uwanja haujasogea hata inchi, lakini mabawa, propela na injini vyote vinafanya kazi kana kwamba vimewekwa futi 9,000 juu, karibu na vilele vya Mau.

Injini ya Cessna 150 ina nguvu za farasi 100, zilizopimwa kwa hewa ya pwani. Injini isiyo na kipuliza hewa hupungukiwa kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, na kwa mchana kama huo robo hivi ya farasi hao hawapo kazini. Pwani ndege hii hupanda futi 650 hivi kwa dakika moja ikiwa imebeba uzito wake kamili. Kwetu itapanda kama 300. Kwa mwendo wake wa kupandia, hiyo ni kama mita 90 kwa kila kilomita mbili na ushei. Sasa tazama magharibi ya Njoro, uuone ukuta wa Mau unaofika karibu mita 3,000. Au fikiria safari ya kutoka Wilson kuja huku, ambapo sharti uuvuke ukingo wa Bonde la Ufa, na upepo unaporomoka kutoka ukingoni kama maji ya mto. Upepo huo ukikuvuta chini futi 400 kwa dakika, nawe unapanda 300, kijana wa darasa la nne atakuambia unakoelekea.

Mpwa wangu alinyamaza. Kisha akasema wengi wamejifunza kwa Cessna 150. Ni kweli, na sitaki nionekane naidharau. Ziliundwa zaidi ya 23,000 kati ya miaka ya 1950 na 1977, na zimewafunza marubani duniani kote. Wenye kuzijua hata huku nyanda za juu huruka alfajiri, wakiwa wepesi, na hurejea kabla jua halijakaza. Kosa si la ndege.

Tukaendelea na mizani. Uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 726. Ndege tupu huwa kama kilo 500, ingawa kila moja ina cheti chake cha kupimwa, na hicho ndicho cha kuaminiwa. Zimebaki 226. Kijana ana kilo 78. Mimi, nikiri tu, nina 94. Zinabaki 54, ambazo ni kama lita 75 za petroli. Hata tangi halijai! Na mamake akitaka kutuma gunia la viazi kwa shangazi wa Naivasha, itabidi mmoja wetu apande matatu.

Hapo ndipo wengi hukimbilia Cessna 172, yenye viti vinne na nguvu za farasi 150 au 160 katika zile za zamani. Ni chaguo bora, lakini kwa sharti ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: viti vya nyuma vikae vitupu. Ukiijaza watu wanne, inapanda kwa taabu karibu ileile. Siri yake kwa mtu wa Nakuru ni ile nafasi ambayo ameamua kutoitumia. Faida ya pili ni kwamba mafundi wa Wilson wanaijua, maana shule nyingi za pale huitumia, na kipuri hakisubiriwi miezi.

Gharama yenyewe haiishii kwenye bei. Injini ya 150 hutakiwa kufunguliwa na kuundwa upya baada ya saa 1,800 au miaka 12. Nyingi za 172 saa 2,000. Iliyouzwa rahisi aghalabu imekaribia siku hiyo, na bili yake yaweza kushindana na bei ya ndege nzima. Bima, maegesho na ukaguzi wa kila mwaka hulipwa iwe imeruka ama imelala. Tena kulala si kupumzika: injini isiyowashwa wiki nyingi hushika kutu ndani, mahali ambapo rangi mpya haifiki. Ndiyo maana nilimwambia asome vitabu vya kumbukumbu za ndege kabla ya kutazama picha, na fundi wa kuikagua awe wake yeye, si rafiki wa mwenye kuuza.

Hapa Njoro tuna mfano wetu. Beryl Markham alilelewa katika shamba la babake papa hapa, akafunzwa kuruka na Tom Campbell Black mwaka 1931, akanunua ndege ndogo aina ya Avro Avian, na mwaka 1932 akairusha peke yake hadi Uingereza. Hiyo ilikuwa yake. Lakini ile Vega Gull aliyovuka nayo Atlantiki Septemba 1936, kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, kwa zaidi ya saa ishirini, ile iliyompa jina duniani, ilikuwa ya John Carberry. Aliazimwa tu.

Mpwa wangu aliipenda habari hiyo kuliko hesabu zangu zote. Akafichua kwamba wanafunzi wenzake watatu walikuwa wamemwomba washirikiane kununua 172 moja ya zamani iliyoko Wilson, tayari ina usajili wa Kenya, naye akawakatalia kwa sababu alitaka yake peke yake. Robo ya ndege hiyo, kwa akiba yake na mkopo mdogo kutoka chama changu cha ushirika, haihitaji hata robo ekari. Nilimshauri wanne hao waandikiane mkataba mbele ya wakili: nani anaruka siku gani, nani analipa gurudumu likipasuka, na anayetaka kujitoa atajitoaje. Urafiki wa vijana hauna breki.

Jumamosi tutakwenda Wilson na fundi, tukaone vitabu hivyo. Dada yangu ameirudisha hati sandukuni, na ufunguo amekaa nao yeye.