Taarifa, Habari na Uvumi

Juma lililopita nilikuwa napita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikaitwa na muuza mashati ya mitumba. "Kaka, nyie watu wa redio mmenitia hasara!"

Kisa chenyewe: jioni moja alisikia kwamba kesho yake alfajiri meza zote za barabarani zitaondolewa. Aliamini, maana mwaka 2021 wamachinga walihamishwa kweli. Akauza mzigo nusu bei. Kulipokucha, hakuja mtu. Nikamwuliza alisikia stesheni gani. Kumbe aliambiwa na kondakta wa daladala!

"Sasa hiyo si habari? Na kwa nini mnasema 'taarifa ya habari', neno moja halitoshi?"

Halitoshi. Yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, lakini hayakuzaliwa tumbo moja. Taarifa ina mzizi wa kujua na kujulisha, uliotupa pia maarifa na maarufu. Neno hilo lilivuka bahari hadi Ulaya likawa orodha ya ushuru: Waitaliano husema tariffa, Waingereza tariff. Kwa hiyo mwenye kontena bandarini analipia neno la ukoo mmoja na taarifa yetu ya saa mbili usiku.

Habari mzizi wake ni kujua jambo kwa kulipitia mwenyewe. Kwa Mwarabu, khabiri ni mtaalamu. Habari, basi, sharti iwe na mtu aliyekuwapo. Sisi tumeifanya salamu, na mtu hujibu "nzuri" hata kama amelala njaa.

Uvumi ni wetu wenyewe, Wabantu. Ngoma huvuma, upepo huvuma, nyuki huvuma. Nani huuliza upepo umetoka kwa nani? Alichopewa ndugu yangu ndani ya daladala kilikuwa hicho.

"Basi nitakuwa nanunua gazeti," akasema. Nikamweleza kwamba hata hilo jina, kwa maelezo ya wengi, linatokana na gazeta, sarafu ndogo ya Venice ya karne ya 16, iliyokuwa bei ya karatasi ya habari. Jirani yake alikuwa amesimama mbele ya meza ya magazeti akisoma kurasa za mbele zote, mkono mfukoni, bila kutoa hata hiyo gazeta moja.

Muuza mashati akacheka, akanionyesha shati lililobaki. Nikaomba anipunguzie. Akasema mtu wa redio analipa bei kamili.