Mkanda Umeondoka, Kazi Imehamia kwenye Oili

Anayehama kutoka Corolla 110 kwenda IST au Probox hupokewa gereji kwa maneno matamu: hii haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na cheni haibadilishwi. Ni kweli kwa kiasi. Injini ya 5A-FE ya Corolla ile ilidai mkanda mpya kila kilomita 100,000. Hii ya 1NZ-FE, iliyowekwa kwenye IST na Probox mwaka 2002, haina ratiba ya kubadilisha cheni. Kosa ni kudhani kwamba sevisi nzima imekuwa nyepesi.

Mkanda wa mpira ulikaa nje, pakavu, nyuma ya kava la plastiki. Ukichelewa kumwaga oili, wenyewe hauna habari. Cheni iko ndani, inalowana oili ileile inayolainisha pistoni na kamshafti, na kikazio chake kinasukumwa na presha ya oili hiyo. Oili ikichakaa, pini za cheni husagika, kila moja kidogo mno, lakini jumla yake ni cheni iliyorefuka. Sikiliza asubuhi unapowasha gari: kama inakwaruza sekunde moja au mbili kisha inanyamaza, usingoje taa ya injini iwake. Kwenye injini hii vali na pistoni hupishana katika nafasi moja. Cheni ikiruka meno, zinagongana.

Kuna pia VVT-i, mtambo unaosogeza kamshafti ya vali za kuingiza hewa kulingana na mwendo wa injini. Nao unaendeshwa na oili, inayopita kwanza kwenye kichujio cha wavu kidogo mno. Wavu ukiziba, gari linakuwa zito, linakula mafuta, na mwenyewe anauziwa plagi. Hapo ndipo ninapogombana na tabia ya kumimina oili nzito ili kuficha mlio. Injini hii ilitengenezewa oili nyepesi ya aina ya 5W-30. Ile nzito inachelewa kufika juu asubuhi, wakati inapohitajika zaidi. Ujazo wake ni lita 3.7 pamoja na filta. Galoni ya lita 4 inabakiza, ila wapo mafundi wanaomimina yote kwa kuwa imeshalipiwa.

Japani, Toyota huruhusu kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini za petroli zisizo na tabo, na nusu ya hapo kwa gari linalofanya kazi ngumu. Vumbi, safari fupifupi na kusimama muda mrefu injini ikinguruma vyote vinahesabiwa kazi ngumu. Foleni ya Dar es Salaam au Nairobi haihitaji mjadala. Kwa oili isiyojulikana ubora wake, 5,000 ni busara.

Vali nazo zimebadilika. Kwenye 5A-FE fundi alirekebisha nafasi yake kwa kubadilisha kisahani chembamba juu ya tapeti, kamshafti ikiwa mahali pake. 1NZ-FE haina visahani: tapeti yenyewe hutengenezwa kwa unene tofauti. Kuifikia lazima kamshafti itoke, na kamshafti haitoki bila kulegeza cheni. Fundi anayeahidi kukaza tapeti kwa nusu saa muulize anatumia njia gani. Nafasi hiyo hupimwa injini ikiwa baridi, na ya upande wa moshi ni kubwa kuliko ya upande wa kuingiza hewa.

Ukinunua gari la mtu, fungua kifuniko cha kujazia oili umulike ndani kwa tochi. Chuma chenye rangi ya asali si tatizo. Ukiona utando mweusi mzito kama grisi, usikubali injini isafishwe kwa dizeli siku hiyohiyo: uchafu unaobanduka ghafla unaishia kwenye wavu wa pampu ya oili. Afadhali umwage oili mara mbili au tatu kwa umbali mfupi, ukibadilisha filta kila mara, kisha ufungue kichujio cha VVT-i ukikague. Bei ya gari nayo ipunguzwe.