Pampu ya Usukani: Siri ya Mwanya Mwembamba Kuliko Unywele

Gari la zamani likianza kulia kila usukani unapokatwa, aghalabu hukumu hutolewa pale pale gereji: pampu imekufa, inunuliwe nyingine. Huenda hukumu hiyo ikawa sahihi. Lakini mara nyingi hutolewa kabla ushahidi haujasikilizwa, na mwenye gari hulipia pampu ambayo nayo, baada ya miezi michache, huanza kulia kama ile ya kwanza. Ili kufahamu sababu, yafaa kwanza kuangalia kazi inayofanyika ndani ya chombo hicho kidogo kinachoenea katika viganja viwili.

Wazo la kumsaidia dereva kwa nguvu ya mafuta si jipya. Mhandisi wa Marekani, Francis W. Davis, aliliendesha gari lenye mtambo wa namna hiyo mwaka 1926, ingawa umma ulisubiri hadi mwaka 1951, Chrysler ilipouza gari la Imperial lenye usukani huo. Kanuni yenyewe ni ile ya Blaise Pascal, ambayo kila mwanafunzi wa fizikia hukutana nayo: kanieneo inayotiwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea pote kwa kadiri ile ile. Magari mengi mapya siku hizi husaidiwa na mota ya umeme. Hata hivyo, Toyota Corolla na Mark II za miaka ya 1990, zilizoletwa kwa wingi Tanzania na Kenya baada ya kutumika Japani, hutegemea mafuta, na pampu zake sasa zina umri wa mtu mzima.

Ndani ya pampu mna rota inayozungushwa na mkanda wa injini. Rota hiyo imechongwa mifereji, kwa kawaida kumi, na katika kila mfereji mna bapa dogo la chuma linaloweza kutoka na kuingia. Rota inapozunguka, mabapa hurushwa nje yakaambaa ukuta wa pete iliyoizingira. Pete hiyo si mviringo kamili. Ina umbo la duaradufu. Basi nafasi iliyo kati ya bapa na bapa hupanuka ikavuta mafuta, kisha hufinyika ikayasukuma, mara mbili kwa kila mzunguko mmoja. Waliobuni umbo hilo walikuwa na busara: kwa kuwa milango ya kutolea mafuta ni miwili na inakabiliana, kani za pande mbili hubatilishana, na beringi haielemewi upande mmoja.

Katika magari mengi madogo, kilele cha kanieneo ni kati ya megapaskali 6 na 8, yaani karibu mara thelathini au zaidi ya upepo uliomo katika tairi. Kwa mkondo wa lita 6 kwa dakika na kanieneo ya megapaskali 7, hesabu fupi hutoa wati 700. Usukani ukishikiliwa mwisho kabisa wa mkato, mafuta hayana pa kwenda; vali ya usalama huyarudisha mlangoni yalikoingilia, nayo huzunguka humo humo ndani ya pampu. Wati zote hizo hugeuka joto, karibu kama pasi ya umeme iliyotumbukizwa katika kikombe cha mafuta. Dereva mwenye tabia hiyo huiunguza pampu yake mwenyewe.

Sasa na iangaliwe mianya, kwani humo ndimo pampu inamoishi na kufa. Vitabu vya ufundi vya Toyota vya miaka hiyo huweka kikomo cha milimita 0.03 kwa mwanya kati ya bapa na mfereji wake. Unywele wa binadamu una unene wa takriban milimita 0.07. Kiasi cha mafuta kinachopenya katika mwanya mwembamba kama huo hulingana na kipeo cha tatu cha upana wake. Mwanya ukiongezeka mara mbili, mafuta yanayorudi nyuma huongezeka mara nane. Ukiongezeka mara tatu, mara ishirini na saba! Aidha, mafuta yakiwa mepesi hupenya zaidi, na mafuta ya mitambo hii yakipashwa kutoka nyuzi 40 hadi 100 za Selsiasi, mnato wake hushuka hadi karibu moja ya tano. Ndiyo maana pampu iliyolika hufanya kazi vyema asubuhi na kuchoka mchana. Usukani huwa mzito injini inapozunguka polepole, kisha ukalainika injini inapoongezwa kasi, kwa sababu mafuta yanayosukumwa huongezeka kwa kadiri ya mzunguko, ilhali yanayovuja hayaongezeki hivyo.

Dalili nyingine hudanganya. Mkanda uliolegea hupiga mluzi usukani unapokatwa, na pampu ikasingiziwa. Mlio wa uvumi ukiambatana na povu katika kopo la mafuta huonyesha kuwa hewa imeingia. Mpira wa upande wa kuvutia ukipasuka kidogo, waweza kuingiza hewa bila kudondosha mafuta ya kutosha kuonekana, maana kanieneo ya upande huo ni ndogo kuliko ya angahewa. Penye shaka, hufungwa geji yenye vali katika bomba la kutolea. Vali ikifungwa kwa muda usiozidi sekunde 10 na kanieneo ikafika kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari, pampu ni nzima, na ugonjwa utafutwe kwenye raki ya usukani.

Pampu inayovuja nje kwa sababu ya sili iliyochakaa yaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo, mradi mikono na meza ni safi na kila bapa linarudishwa ncha yake ya mviringo ikielekea kwenye pete. Lakini pete iliyochimbika haitibiki kwa msasa. Msasa huondoa kwa dakika moja unene ambao kiwanda kiliupima kwa maikrometa. Hapo pampu ibadilishwe. Anayenunua iliyotumika, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, aizungushe kwa mkono na kuutikisa mhimili wake kabla ya kutoa fedha.

Kosa kubwa hutendeka baada ya hapo. Pampu iliyolika imekuwa ikitema vumbi la chuma, na vumbi hilo limelala katika kopo, mipira na raki. Pampu mpya ikifungwa bila mfumo kuoshwa, hulimeza siku ya kwanza, nayo mianya yake huanza kutanuka. Mafuta nayo yawe yale yaliyoagizwa: Toyota za miaka hiyo hutumia mafuta ya gia za otomatiki ya daraja la Dexron II au III, Honda hutumia yake ya pekee, na mafuta ya breki hayatiwi kamwe, kwani huvimbisha sili.

Mwisho hutolewa hewa. Magurudumu ya mbele huinuliwa, na usukani huzungushwa polepole mara kadhaa toka mwisho mmoja hadi mwingine injini ikiwa imezimwa. Kisha injini huwashwa, mafuta yakapata joto, na kimo chake kikapimwa katika kopo. Injini huzimwa, kimo kikapimwa tena. Kikipanda zaidi ya milimita 5, hewa ingalimo, na kazi irudiwe.