Sato Huhamia Penye Joto Lake

Asubuhi za Juni na Julai katika nyanda za juu, mfugaji hutupa chakula bwawani na sato hawaji. Chakula kinaelea tu. Wengi huingiwa na hofu kwamba samaki wanaumwa, kumbe mara nyingi ni baridi.

Mwili wa binadamu hubaki karibu na nyuzi 37 hata usiku wa baridi. Samaki wengi hawana uwezo huo. Joto la maji ndilo joto lao. Akitaka kupata joto au kupoa, samaki hana budi kuhama. Ngozi yake ina mishipa ya fahamu inayotambua tofauti ndogo sana, hata chini ya nusu nyuzi. Mwekee maji yenye joto upande huu na baridi upande ule: atazunguka, atageuka kila anapozidiwa, kisha atatulia panapomfaa.

Panapomfaa sato ni kama nyuzi 27 hadi 30. Chini ya 20 hamu ya kula hupungua sana, na maji yakikaribia 10 hufa. Trauti walioletwa kwenye mito ya Mlima Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ni kinyume chake: hustawi kwenye nyuzi 12 hadi 16, na zikipita 25 wako hatarini. Sababu mojawapo ni hewa. Lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni. Ya nyuzi 30, saba na nusu tu, na hapo ndipo mwili huhitaji nyingi zaidi.

Linalonistaajabisha zaidi ni samaki mgonjwa. Sisi hupata homa tukiwa tumelala. Yeye huifuata kwa kuogelea. Majaribio ya samaki wa dhahabu yaliyochapishwa mwaka 1977 yalionyesha kuwa walioambukizwa bakteria wakapata maji yenye joto zaidi walipona kwa wingi kuliko waliozuiwa kwenye maji ya baridi. Kumnyima samaki nafasi ya kuhama ni kumnyima dawa.

Kwa hiyo, mfugaji, usichimbe bwawa lenye kina kimoja. Acha mteremko, kuanzia kina kifupi kinachopata joto haraka hadi mita moja na nusu inayolihifadhi usiku. Na msimu wa baridi, subiri jua lipashe maji ndipo ulishe.