Kutua si Kuanguka: Jinsi Vyombo vya Angani Vinavyorudi Duniani

Kiswahili hutofautisha kutua na kuanguka. Ndege hutua, mzigo hutuliwa, jua hutua. Embe bivu huanguka. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha taaluma ya kurudisha vyombo vya angani duniani. Mnamo Desemba 30, 2024, wakazi wa kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, waliona upande wake mbaya: pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini mwao. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza, katika tathmini yake ya awali, kwamba ilikuwa sehemu ya roketi. Kwa bahati njema, hakuna aliyeumia.

Ugumu wa kushuka hautokani na kimo bali kasi. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho mkazi wa Isiolo huweza kukiona kikipita jioni kama nyota yenye haraka, kiko kilomita 400 hivi juu ya ardhi. Umbali huo ni mfupi kuliko ule wa kutoka Isiolo hadi Malindi. Lakini kituo hicho huenda kilomita 7.7 hivi kwa kila sekunde. Safari ya Isiolo hadi Nairobi, ambayo humchosha abiria wa matatu kwa saa kadhaa, kingeimaliza kwa sekunde zisizotimia 40.

Ajabu ni kwamba injini huondoa sehemu ndogo tu ya kasi hiyo. Soyuz, chombo cha Warusi, hugeuzwa kikaenda kinyumenyume, kisha injini huwashwa kwa muda usiotimia dakika tano. Kasi hupungua kwa mita zipatazo 120 tu kwa sekunde, kiasi cha kukitoa chombo katika njia yake. Kazi iliyobaki huachiwa hewa. Hewa iliyo mbele ya chombo hushindiliwa ghafla ikawaka, nayo ngao iliyo chini huungua kwa makusudi, ikiondoka na joto. Pembe ya kuingilia haina masihara: ikizidi wima, wanaanga huelemewa, ikizidi ulalo, chombo huweza kudunda kama kijiwe juu ya maji. Baadaye hufunguka parachuti, na chini ya mita moja kutoka ardhini hufyatuka roketi ndogo za kupunguza kishindo.

Kila hatua imegharimu uhai. Vladimir Komarov alifariki mwaka 1967 parachuti ya Soyuz 1 ilipokataa kufunguka sawasawa. Mwaka 2003 chombo cha Marekani, Columbia, kilisambaratika na watu saba, kwa kuwa bawa lake la kushoto lilikuwa limetobolewa wakati wa kuruka. Lakini mkasa wa Soyuz 11, wa mwaka 1971, ndio unaotisha zaidi. Chombo kilitua taratibu, parachuti ikafanya kazi yake. Waokoaji walipofungua mlango waliwakuta wanaanga watatu wamekufa. Vali ilikuwa imefunguka angani, hewa ikavuja, nao hawakuwa na mavazi ya kuwakinga. Tangu hapo wanaanga wa Soyuz hushuka wakiwa wameyavaa.

Soyuz hutua katika mbuga za Kazakhstan, nchi tambarare, kavu na yenye watu wachache. Ramani huziita nchi za namna hiyo tupu. Neno hilo lastahili kutiliwa shaka, kwani mbuga hizo ni za wafugaji, sawa na nyanda za Merti na Garba Tula huko Isiolo. Chombo chenye wanaanga huchaguliwa mahali, na helikopta hukisubiri. Kipande cha roketi kilichoachwa angani hakichaguliwi chochote. Kinachowahi kujulikana, aghalabu, ni ukanda mrefu wa dunia ambamo huenda kikaanguka.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 huitaka dola iliyorusha chombo ilipe fidia ya madhara yaliyotokea ardhini, hata pasipo kuthibitishwa uzembe. Hata hivyo, sharti kwanza mwenye chuma atambulikane. Ndiyo maana mfugaji akutaye kipande cha namna hiyo malishoni hufaa akiache kilipo na kuwaarifu wakuu: huenda kina mabaki ya mafuta yenye sumu, na nambari iliyochongwa ubavuni mwake huweza kuwa ushahidi wa pekee.