Graf si jina la babu

Hapa Juba jina la mtu ni safu ya wazee wake: la kwake, la baba, la babu. Ndiyo maana kijana niliyekuwa nikisoma naye habari za meli ya Liemba alipofika kwenye jina la Gustav Adolf Graf von Götzen aliweka kidole juu ya neno la tatu, akaniuliza: "Mwalimu, huyu Graf ndiye babu yake?"

Graf ni cheo. Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani kuanzia 1901 hadi 1906, na ni katika utawala wake vita vya Maji Maji vilipozuka. Meli iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 ilipewa jina lake, cheo na vyote. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 wakaiita Liemba.

Mwanzoni cheo hiki kilikuwa kazi. Wafalme wa Wafaranki, na hasa Karl Mkuu aliyefariki mwaka 814, waliigawa nchi yao katika wilaya, na kila wilaya ikawa na mtu wa mfalme. Huyo aliketi barazani kuamua kesi, alikusanya askari vita vilipotangazwa, akasimamia mapato ya mfalme. Sehemu ya faini alizotoza ilikuwa yake. Kwa Kilatini aliitwa comes, maana yake mwandani, mtu anayefuatana na mkubwa wake. Kwa Kijerumani cha kale ni grafio au gravo, na chimbuko la neno hilo wataalamu hawajakubaliana: wako wanaolihusisha na neno la Kigiriki la mwandishi wa serikali, wengine wakalitafuta ndani ya lugha za Kijerumani zenyewe.

Msomaji wa pwani atamtambua mtu huyu mara moja. Ni liwali. Mfalme alimweka, mfalme aliweza kumwondoa, na alituma wakaguzi wawili wawili kuzunguka wilayani kusikiliza malalamiko ya watu. Tena Wajerumani walipotawala Tanganyika waliwatumia maliwali na maakida kwa namna hiyo hiyo, wakiwaweka na kuwang'oa wapendavyo, huku gavana wao akibeba cheo ambacho zamani kilikuwa cha uliwali tu.

Basi kazi iligeukaje kuwa damu? Kwa ardhi. Mfalme hakuwa na fedha za kumlipa mtu wake mshahara, akampa mashamba ale humo. Graf alipokufa, mwanawe alikuwa tayari anaishi pale, anawajua askari, na funguo za ghala anazo. Mfalme aliyekuwa mbali, mwenye vita mpakani, aliona heri kumthibitisha kijana kuliko kupigana naye. Vizazi vichache vikapita hivyo, na ile wilaya ikawa urithi.

Kwenye baadhi ya majina kazi ya zamani bado inasikika. Markgraf ni graf wa mpakani, Burggraf ni wa ngome. Ninayempenda mimi ni Deichgraf, msimamizi wa matuta yanayozuia maji kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini. Huyu hakuwa mtukufu. Alichaguliwa kwa sababu maji hayangoji, na mtu yeyote aliyeona watu wa Bor wakijaza udongo kwenye matuta yao dhidi ya Nile ataelewa kwa nini kazi hiyo haikuachwa iwe ya kurithiwa tu.

Juba ina mfano wake wa karibu. Lado, kaskazini kidogo ya mji huu, ndiko alikokaa Eduard Schnitzer, maarufu kama Emin Pasha, aliyefanywa gavana wa Ekwatoria mwaka 1878. Alizaliwa Silesia, kama Götzen. Lakini Götzen alizaliwa graf, ilhali Schnitzer, daktari wa asili ya Kiyahudi, alipewa ubey na kisha upasha na serikali ya Misri kwa utumishi wake. Upasha wake haukumshukia bintiye Ferida. Ulikwisha naye alipouawa Kongo mwaka 1892. Kwangu mimi, Emin ndiye aliyekuwa karibu zaidi na graf wa kwanza: mtu aliyetumwa mbali, akiwa na barua ya uteuzi na askari wachache, awajibike kwa aliyemtuma.

Götzen alifariki mwaka 1910. Miaka tisa baadaye katiba mpya ya Ujerumani, kifungu cha 109, ilifuta upendeleo wa kuzaliwa na kukataza vyeo vipya vya ukoo. Wenye vyeo vya zamani waliachiwa maneno tu, yahesabiwe kuwa sehemu ya jina. Ndiyo sababu leo pasipoti ya Mjerumani yaweza kuandikwa Graf von fulani, na ya dada yake Gräfin, bila wilaya, baraza wala askari nyuma yake.

Kwa hiyo nilimjibu kijana kwamba kwa Götzen, hapana, si babu yake. Kwa wajukuu wa ukoo kama huo walio hai leo, neno hilo limekuwa kile alichodhani yeye: jina walilopokea kwa baba.